Leso Nyekundu ya Elinami

"Upepo husimamisha, mafuta hupokea." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia bwana harusi maneno hayo, mkacheka mkidhani anazungumzia mapishi. Haya, sogeeni. Methali hiyo ilianzia kwenye leso, huku kwetu Same.

Nakijwa alikuwa akifua alipoona madoa mekundu kwenye leso ya mumewe, Elinami. Elinami alikuwa amekonda tangu amzike mdogo wake, Mbazi, na kila aliyemjulia hali alimjibu, "Niko sawa kabisa," na kicheko juu. Sasa damu? Nakijwa aliona mume anamfia kimyakimya. Alfajiri alimfuata bandani.

Humo ndimo Elinami na Mbazi walimounda ndege kwa mikono yao kwa miaka saba, ndege ndogo ya viti viwili. Jumamosi ilikuwa iruke kwa mara ya kwanza. Nakijwa akachungulia, akaiona imeinamisha pua kama mbuzi anayekunywa maji. Elinami akachukua pampu, akaujaza upepo mguu wa mbele, ule mrija wa chuma ulioshika gurudumu, ndege ikainuka ikasimama vizuri. Kisha akatoa leso, akafuta mafuta mekundu yaliyochuruzika kwenye mguu ule.

"Kumbe ni mafuta," Nakijwa akasema, akaegemea mlango. "Baba Tumsifu, mwenzio nimekesha nikikulilia."

"Pole, mke wangu. Ni mguu tu huu. Nikiujaza upepo, unasimama."

"Unaujaza tangu lini?"

"Tangu tuanue matanga."

Nakijwa aliwashikia taa miaka yote ile, na mguu ule aliujua. "Mbazi alituambia ndani yake mna upepo na mafuta: upepo ni wa kuiinua ndege, mafuta ni ya kupokea kishindo ikitua. Mafuta umeyaangalia lini?"

Elinami akaikunja leso. "Kuyaangalia, lazima kwanza niutoe upepo wote, ndege ilale. Na mguu huu aliufunga Mbazi mwenyewe. Mkono wangu unakataa kuufungua."

"Basi tuufungue wote wawili."

Wakaulegeza upepo, ukatoka, pua ikashuka taratibu. Elinami naye akashuka, akaketi sakafuni, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nakijwa alimpakata kichwa na wala hakumwambia anyamaze. Alipotulia, wakaitegemeza pua kwa kigogo, wakaufungua mguu, wakabadili mpira wa ndani uliochakaa na kuvujisha mafuta, wakamimina mafuta hadi yakafurika bila povu. Ndipo wakarudisha upepo.

Jumamosi Elinami aliruka, kofia ya Mbazi ikiwa kwenye kiti cha pili. Akatua vibaya, mguu wa mbele ukatangulia kugonga ardhi. Nakijwa alifumba macho. Alipoyafumbua, mguu ulikuwa umezama, ukakipokea kishindo, ukainuka tena, na ndege ikakimbia salama hadi iliposimama.

Watu wakamzunguka Elinami wakimuuliza hali.

"Mzima," akasema, "ila mdogo wangu nimemkumbuka mno." Hakucheka.

Nakijwa akamfuta machozi kwa leso ileile, akasema maneno mliyoyasikia leo.

Sasa mtazameni tena bwana harusi wetu. Amemzika mama yake juzijuzi tu, na hapa anacheka kuliko wote. Kicheko hicho ni upepo tu; nendeni mkakae naye. Upepo husimamisha, mafuta hupokea.