Aliyemfikisha Mama Tumpale Kitulo

Hapo zamani, na si zamani sana, maana lami ilikuwa imeshafika na simu za mkononi zimeshazoeleka, palikuwa na mama mjane mjini Mbeya, jina lake Tumpale. Alikuwa na watoto watatu. Mmoja, Gwakisa, alifariki akamwacha mkewe, Sekela. Wakabaki Anyelwisye, dereva wa malori, na Atuganile, mwalimu wa shule ya msingi.

Macho ya Mama Tumpale yalianza kufifia kutoka pembeni. Akitazama mlango, haoni ukuta. Akitazama uso wa mtu, haoni mikono yake. Dunia aliiona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na kila mwezi bomba likazidi kuwa jembamba. Daktari akawaita watoto kando akawaambia kwamba kabla mwaka haujaisha, mama yao hataona kitu.

Anyelwisye akasema, "Tusimwambie. Atakata tamaa."

Atuganile akakubali. Sekela naye akaapishwa, akaapa.

Ikafika Februari, mvua zimekolea. Siku moja Mama Tumpale alikuwa akichagua maharage na mkwewe aliyekuja kumtazama, akachangamka ghafla.

"Unajua, Sekela, sasa hivi uwanda wa Kitulo umechanua. Nilipita kule mara moja tu, nimeshikwa mkono na marehemu mama, tunakwenda kwa shangazi Makete. Maua mpaka kiunoni! Kila mwaka nasema nitakwenda. Mwakani lazima niende."

Sekela akaweka ungo chini.

"Mama, mwakani hutayaona."

Akamweleza yote. Mama Tumpale akaendelea kuchagua maharage mpaka maji jikoni yakachemka yakamwagikia moto. Kisha akasema, "Basi twende Jumamosi."

Anyelwisye alipopata habari alimfokea Sekela hadharani. "Uliapa! Wewe si wa damu yetu, ndiyo maana hukuona uchungu." Lakini Jumamosi asubuhi alikuja na pikapu yake, kaijaza mafuta, kaweka koleo na kamba nyuma.

Hapo ndipo ugomvi wa njia ulipoanza.

"Tunapita Isyonje," akasema Anyelwisye. "Ni karibu, na mlima wake ni wa taratibu."

"Tunapita Chimala," akasema Atuganile.

"Chimala? Kona zaidi ya hamsini, mvua inanyesha, mama yuko ndani! Una akili timamu?"

"Isyonje kuna tope, kaka. Nimeuliza."

"Mimi ndiye dereva."

Atuganile akaenda akasimama mbele ya gari, mwavuli mkononi. Mama Tumpale akatoa kichwa dirishani.

"Atu, umeuliza watu wangapi?"

"Kumi na mmoja, Mama. Wafanyabiashara wa viazi, askari wa hifadhi, mwalimu mwenzangu wa Matamba. Siku mbili nzima niko kwenye simu."

"Na wewe, Anye?"

Anyelwisye akatazama usukani.

"Haya," akasema mama. "Chimala."

Wakaenda wote wanne, Sekela akiwemo, mpaka Chimala, wakaiacha lami, wakaanza kupanda. Kona ya kwanza, ya pili, ya kumi. Barabara ilijikunja juu ya barabara, mpaka mahali walipopita sasa hivi pakawa chini ya miguu yao. Mawingu yakafunguka kidogo, na katika kile kitundu chake cha kuonea Mama Tumpale akaliona bonde la Usangu lote limelala kule chini, jua limeangukia kipande kimoja tu cha mpunga kikawaka kijani. Akashika kifua. "Ee Mungu," akasema, "kumbe ni kubwa hivi."

Kona ya thelathini na kitu, ukungu ukawameza. Ndani ya ukungu likatokea lori la viazi linashuka, honi inalia. Hapakuwa na nafasi ya kupishana. Anyelwisye akarudi nyuma, taratibu, tairi la nyuma likasimama ukingoni kabisa. Kokoto zikaporomoka, hawakuzisikia zikitua.

Atuganile akapiga kelele. "Turudi! Kaka, nimekosea, turudi tafadhali! Nimemleta mama kufa!"

"Nyamaza, Atu," akasema Anyelwisye kwa upole. "Hapa hakuna pa kugeuzia. Nipe nafasi niendeshe."

Lori likapita, limeacha upana wa kiganja. Akaendesha kona zote zilizobaki dirisha likiwa wazi, anasikiliza kuliko kuona.

Matamba walisimama kunywa chai. Mwenye mgahawa akawaambia barabara ya Isyonje imekatika tangu alfajiri, malori mawili yamezama, hapiti mtu. Anyelwisye akamtazama dada yake.

Mbele ya Matamba maji yalikuwa yamekula daraja dogo. Gari halikuweza kuvuka. Anyelwisye akavua viatu, akambeba mama yake mgongoni, akavuka naye maji ya magotini, akapanda naye kilima kwa nusu saa bila kumtua.

Walipofika juu, upepo ukaupeperusha ukungu.

Uwanda ulikuwa umejaa. Maua meupe, ya zambarau, ya njano, na marefu mekundu kama vijinga vya moto vilivyochomekwa ardhini, yanakwenda mpaka pale ambapo nchi inakwisha. Mbayuwayu walikuwa wakiyapita juu juu. Kwa vile mama hakuweza kuona yote kwa pamoja, Sekela alimshika kichwa kwa viganja viwili akakigeuza polepole. "Sasa haya, Mama. Sasa yale ya zambarau." Na Mama Tumpale akayatazama, kipande kwa kipande, kama mtu anayesomewa barua. Machozi yalimtoka lakini hakufumba.

Baada ya muda mrefu akasema, "Siwezi tena kukaa peke yangu. Nitahamia kwa mmoja wenu, yule aliyenifikisha hapa. Uso wake ndio nitakaoamka nao mpaka nuru iishe. Nani amenifikisha?"

Anyelwisye akasema, "Mimi, Mama. Mwenzangu alitaka kurudi. Nimeendesha kwenye ukungu, nimekubeba mgongoni."

Atuganile akasema, "Mimi. Bila mimi angekupeleka kwenye tope, na mgongo wake ungeishia huko. Ni kweli niliogopa. Lakini njia ni yangu."

Sekela alikuwa bado amemshika. "Mimi sikujua njia, wala siwezi kuendesha," akasema. "Na nilivunja kiapo. Lakini wao wangekuacha ungoje mwakani."

Mama Tumpale akawageukia mmoja mmoja, akautazama kila uso kama alivyoyatazama maua.

Jumatatu yake alifunga sanduku, akahamia. Najua ni nyumba ipi, ila leo sisemi, maana nataka kwanza niwasikie ninyi. Mmoja alisema kweli akavunja kiapo. Mmoja aliijua njia, akaikana ilipotisha. Mmoja alificha ukweli na akaikataa njia, kisha akambeba mama mpaka juu. Je, ni nani aliyemfikisha Mama Tumpale kwenye maua?