Fimbo za Elieshi na Jina la Mtoto

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya sungura kuvaa kanzu, nasema ya juzijuzi tu, simu zilipokuwa zimeshaipanda milima ya Upare na barabara ikiwa bado inajishauri, palikuwa na mkunga aliyeitwa Bibi Nietiwe. Mikono yake ilisifiwa hadi mabondeni. Mtoto aliyekaa vibaya tumboni, mikono ile ilimgeuza polepole mpaka akaiona njia. Lakini magoti, jamani, magoti yalikuwa yameshamgomea. Akipanda yanalia, akishuka yanatetemeka.

Masika moja mvua ikanyesha mpaka mlima ukamwaga udongo barabarani. Gari halipandi, gari halishuki. Asubuhi moja ya siku hizo akaja Mbonea, mwanamume wa ng'ambo ya korongo, ametapakaa tope hadi kiunoni. Mkewe Namsifu alikuwa na uchungu tangu jana, mtoto amelala mkingamo, na nguvu zinamwisha. Kumbeba mama kwenye machela hakuwezekani, na kumbeba mkunga hakuwezekani pia, kwa sababu njia iliyobaki ilikuwa ya ukingoni, ina nafasi ya mtu mmoja tu. Bibi Nietiwe hakuuliza mengi. Alimwambia Mbonea achukue mkoba, arudi mbio, achemshe maji, amshike mkewe mgongo na amwambie kwamba bibi yuko njiani.

Mbonea akaondoka. Bibi akabaki anautazama mlima, na moyoni aliogopa, tusimfiche. Alikuwa na mkongojo wake wa mti, lakini mkongojo wa mti una urefu mmoja tu. Ukipanda nao ni mrefu, unakusukuma nyuma. Ukishuka nao ni mfupi, unakuinamisha mbele ya shimo.

Ndipo jirani yake Elieshi akatoka ndani, anachechemea. Huyu Elieshi alikuwa mwanamke mpagazi wa kubeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, na wakati huo alikuwa nyumbani anauguza kifundo cha mguu. Mkononi ana zile fimbo zake mbili alizopewa na mgeni mmoja. Mnazijua fimbo zenyewe: nyepesi, za vipande vitatu vinavyoingiana kama eriali ya redio, unazungusha huku kulegeza, unazungusha kule kukaza. Elieshi alizipenda fimbo zile kupita kiasi. Kijiji kizima kilikuwa kimeshaonyeshwa zinavyorefuka na zinavyofupika, anayetaka na asiyetaka. Na sasa akampa bibi, ingawa alijua kwamba zikipotelea korongoni hapati nyingine, na kazi ya mlimani bila fimbo ni kazi ya kuvunjika mgongo.

Akamsimamisha bibi pale uwanjani. Akampimia mpaka kiwiko kikakunjika sawasawa. Akamwonyesha kuingiza mkono kwenye kitanzi kutoka chini, kisha kushika mpini, ili uzito ukae kwenye kitanzi na vidole visichoke. Akamwambia apande zikiwa fupi, ashuke zikiwa ndefu, na kila akibadilisha akaze, halafu aegemee kidogo kujaribu kabla ya kuziamini.

Bibi akapanda. Fimbo mbele, mguu nyuma. Fimbo mbele, mguu nyuma. Magoti yakatulia kwa mshangao. Akafika juu ya kilima, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuwa amekaa chini hata mara moja.

Juu pale akazirefusha kama alivyofundishwa, akakaza, akaegemea kidogo, zikashika. Akashuka. Fimbo mbele, mguu nyuma. Lakini mteremko ulipozidi, akaegemea kwa uzito wote, na fimbo ya kulia ikajimeza yenyewe, kipande ndani ya kipande. Bibi Nietiwe akaenda chini, akaserereka kwenye tope mpaka shamba la tangawizi la Mwanaidi.

Mwanaidi alikuwa shambani. Alitupa jembe, akamwinua, akampangusa uso, akamkagua mifupa. Kisha akaichukua fimbo, akaichomoa vipande, akapitisha kidole. Kidole kikatoka kinang'aa. Mafuta ya kujipaka. Elieshi, kwa mapenzi yake yale, alikuwa amezipaka mafuta ndani ili ziteleze vizuri, kama mtu anavyotia mafuta mnyororo wa baiskeli. Na fimbo za namna ile hushikana kwa kubanana pakavu. Ukizipaka mafuta, umezifundisha kukimbiana.

Kitambaa kikavu hakuwa nacho, kila kitu kilikuwa kimelowa. Kilichokuwa kikavu ni kitenge kilichokuwa ndani ya nyumba, kimekunjwa, kipya, sare ya harusi ya mdogo wake. Ndugu wote wa kike walikuwa wamekwisha kushona cha namna hiyo, na kilikuwa kimeisha dukani. Mwanaidi akaingia ndani, akakileta, akakichana. Chwaa. Akasokomeza vipande ndani ya fimbo kwa kijiti, akapangusa, akatia majivu makavu ya jikoni, akapangusa tena mpaka vyuma vikalia vikisuguana. Akaziunga, akaziongeza urefu kwa ajili ya mteremko uliobaki, akazikaza kwa nguvu za mtu anayelima mlimani. Bibi akazijaribu kwa uzito wote. Zikashika. Akambariki Mwanaidi, akaendelea.

Fimbo mbele, mguu nyuma. Akafika korongoni.

Kando ya korongo palikuwa na nyumba ya Bibi Mkunde, na njia inapita mlangoni pake. Hapa lazima niwaambie jambo. Miaka mingi nyuma Bibi Mkunde alijifungua mtoto wa kike mikononi mwa Bibi Nietiwe, na mtoto yule hakulia. Wengine walisema ni kazi ya Mungu. Mkunde alisema ni kazi ya Nietiwe. Tangu siku hiyo hawakusalimiana, si msibani, si kisimani. Na Mkunde hakupata mtoto mwingine.

Asubuhi ile Mkunde alikuwa amekaa kizingitini. Alimwona Nietiwe akianguka kule juu. Hakuinuka. Alimwona akiinuliwa, alimwona akija. Hakuinuka. Nietiwe naye alimwona, akageuza uso, akapeleka fimbo kwenye jiwe la katikati ya korongo ili ajitupe ng'ambo. Chini ya jiwe lile maji ya masika yalikuwa yananguruma.

"Nietiwe, simama," Mkunde akasema. "Mstari mwekundu uko nje."

Bibi Nietiwe akasimama, mguu mmoja hewani. Angeweza kudhani ni chuki. Angeweza kujifanya hakusikia. Lakini alikuwa hajalisikia jina lake kwenye kinywa kile kwa miaka yote hiyo, na miguu yake ikatii kabla ya kichwa. Akaitazama fimbo. Kweli, Mwanaidi kwa kutaka iwe ndefu alikuwa ameivuta kupita ule mstari wa mwisho, ule ambao Elieshi aliwaonyesha wote kijijini kwamba ukitokea nje, kipande kimeshikwa na ncha tu, kitakatika. Mkunde aliyakumbuka maneno yale kwa sababu Elieshi alimchosha nayo mlangoni. Macho ya Nietiwe kwenye manyunyu hayakuuona mstari, na Mwanaidi katika haraka yake hakuufikiria.

Akairudisha ndani, akakaza, akaegemea kidogo, akaegemea sana. Akavuka. Mkunde alikuwa amekwisha kuingia ndani na kufunga mlango.

Kule ng'ambo mikono ilifanya kazi yake. Alimgeuza mtoto, akamsubiri, akamgeuza tena, na mchana ulipofika akazaliwa binti, akalia hadi wapita njia wakacheka. Namsifu akaishi. Mbonea akakaa chini kwenye tope lake akalia kuliko mtoto.

Sasa, upande ule wa milima walikuwa na desturi yao. Mtoto aliyekaribia kutofika hupewa jina la yule aliyemfikisha. Na mwenye jina si mwenye jina tu. Yeye ndiye humtoa mtoto nje mara ya kwanza, yeye hukalishwa mbele kwenye kila sherehe yake, na akizeeka, mtoto yule humchotea maji na kumwashia moto kama mama mzazi. Jina ni moja, halikatwi vipande.

Wazazi wakataka mtoto aitwe Nietiwe. Bibi akakataa. Alisema kijiji kimejaa akina Nietiwe aliowapokea, mwalimu akiita jina hilo nusu ya darasa inasimama. Tena, alisema, mikono bila miguu ingefika wapi? Aitwe jina la aliyenifikisha mimi. Wazazi wakasema vyema, basi bibi achague yeye mwenyewe. Siku ya kumtoa mtoto wakawaita uwanjani wote watatu waliomsaidia bibi njiani, hata Mkunde, na Mkunde akaja.

Elieshi akasema: "Shikamoo bibi. Fimbo ni zangu, na zilikuwa riziki yangu. Nimekupimia, nimekufunga kitanzi, nimekufundisha kupanda na kushuka. Bila mimi usingetoka uwanjani kwako. Mafuta nilipaka kwa kupenda, si kwa ubaya. Na huo mstari mwekundu, Bibi Mkunde aliujua kwa nani?"

Mwanaidi akasema: "Elieshi alikupa fimbo ya kukuangusha, bibi yangu. Mimi nilikupa fimbo ya kusimama. Nimeichana sare ya harusi, na kwenye picha za mdogo wangu nimesimama peke yangu kama mgeni. Nilivuta kupita kiasi, nakubali. Ila nilivuta nikiwa nawe topeni, sikukaa mlangoni nikitazama."

Watu wakamgeukia Mkunde. Akasema: "Ni kweli, nilikaa. Nilimwona akianguka na moyo wangu ukafurahi, Mungu anisamehe. Sikutoa fimbo wala kitenge. Nilitoa neno moja, la kumwita jina, na jina hilo lilinikaa kooni miaka yote hii. Wangu alizikwa bila jina, na mwenye kuniwashia moto sina."

Akakaa chini.

Bibi Nietiwe akampakata mtoto pale mlangoni, na moyo ukamuuma kweli. Kama si mkono wa Elieshi, asingeanza safari. Kama si kitenge cha Mwanaidi, asingeendelea. Kama si neno la Mkunde, asingefika. Akisema Elieshi, amempa aliyepaka mafuta. Akisema Mwanaidi, amempa aliyevuta mstari nje. Akisema Mkunde, watu watasema mkunga analipa mtoto kwa mtoto. Na asiposema Mkunde, mlango ule utafungwa tena, na safari hii hautafunguka. Aliwatazama wanawake wale watatu akaona kwamba anawapenda wote, hata yule, na hilo halikumsaidia kitu.

Mtoto akapiga chafya. Wazazi wanangoja. Bibi Nietiwe amefungua mdomo.

Nami hapo nawaachia ninyi, kwa kuwa nikisema mimi mtanigombeza. Mtoto yupo mikononi, jina ni moja. Je, wenzangu, nani alistahili?