Shuka Nyuma ya Mchambuzi

Kabla hujamcheka mtu leo, isome hii mpaka mwisho.

Morogoro palikuwa na fundi wa mapazia aliyeitwa Bi Shamsa. Wachambuzi wa runinga walipoanza kuzungumza wakiwa majumbani kwao, yeye hakusikiliza uchambuzi. Aliangalia ukuta. Kisha aliwapa maksi kati ya kumi kwenye kundi la simu la wateja wake: huyu kochi zuri, saba, yule maua ya plastiki, tatu. Watu walicheka mpaka machozi.

Jumatatu moja akatokea Dokta Kyaruzi, mchambuzi wa kilimo. Nyuma yake palining'inia shuka la bluu lililopauka, limefungwa kwa kamba ya katani.

Bi Shamsa akapiga picha, akaandika: "Sifuri! Msomi mzima, pazia hana?"

Picha ikazagaa mji mzima. Siku ya tatu simu yake ikaita.

"Habari za asubuhi, mama. Naitwa Kyaruzi. Mimi ndiye yule wa shuka."

Bi Shamsa akaweka mkasi chini.

"Sikupiga kugombana," mwanamume yule akaendelea taratibu. "Nimesikia wewe ni fundi hodari. Nataka pazia jepesi, lipitishe hewa na sauti. Nyuma ya shuka lile amelala mke wangu. Miezi saba sasa hainuki kitandani. Sebule ninayo, na kabati la vitabu lipo. Lakini ameniomba nizungumzie pale pale. Anasema akinisikia, maumivu yanapungua."

Bi Shamsa aliandika vipimo, akakata simu. Akaifuta ile picha, akaandika kwenye kundi kwamba amekosa. Pazia alilishona siku hiyo hiyo, akalipeleka mwenyewe.

Alipoanza kuomba radhi, mgonjwa alimshika mkono.

"Ile picha niliiona, dada yangu. Nilicheka. Halafu nikamtazama mume wangu, yeye hacheki."

Bi Shamsa alilitundika pazia huku machozi yakimdondoka.

Jumatatu iliyofuata aliwasha runinga. Dokta alieleza habari za mbegu za mahindi, na kwa mara ya kwanza Bi Shamsa akamsikiliza mpaka mwisho. Dokta alizungumza polepole, kwa upole, kama anayemsimulia mtu mmoja tu aliye karibu naye.

Funzo: Kamera huonyesha kona moja tu ya nyumba ya mtu. Usimpime mwenye nyumba kwa kona hiyo.