Sauti ya Pimbi Mzingani

Hamjambo jamani? Sogeeni. Ninyi wa nyuma mnaotafuna, tafuneni kimya kimya. Leo kuna mtu atakosa pumzi, nataka msikie vizuri.

Nikisema hadithi, semeni njoo. Hadithi!

Njoo!

Hadithi!

Njoo, kaa nasi!

Hapo zamani za kale alikuwepo Pimbi. Mwili mdogo, lakini sauti! Akipiga kelele jabalini, bonde zima linaamka. Rafiki yake alikuwa Nyegere, mwenye ngozi ngumu, fundi wa kurina asali. Nyegere alikuwa na sheria yake: anayelia mzingani halambi asali. Wakienda kurina waliimba:

Nyuki mdogo, mimi mlima,
Anayelia asali hana.

Siku ya kwanza nyuki akamdunga Pimbi mkononi. Mkono ukavimba kidogo. Pimbi akaimba, akalamba asali.

Siku ya pili nyuki akamdunga mkononi tena. Lakini vipele vikamtoka tumboni, vikamtoka mgongoni, mwili mzima ukawasha. Mkewe akaviona.

"Mume wangu, umedungwa mkono, mbona vipele viko tumboni? Twende kwa mganga Nungunungu. Na mwenzako umwambie."

"Nimwambie Nyegere nawashwa? Atanicheka mpaka meno yamdondoke. Nyamaza, mama."

Mkewe akanyamaza. Lakini moyo wake haukunyamaza.

Siku ya tatu akawafuata, amebeba kibuyu. Pimbi akapanda mtini, akadungwa tena. Nyegere anaimba, Pimbi haimbi.

"Mume wangu, imba!"

Ikatoka sauti nyembamba kama ya mbu. Halafu kimya. Pimbi akateremka anayumba, midomo imevimba, kifua kinalia filimbi.

Nyegere akacheka. "Leo umekuwa kifaranga?"

"Shemeji, hapumui!"

"Mlambishe asali, itampoza."

"Mate yenyewe hayamezi, asali ataipitisha wapi? Mlete Nungunungu! Kimbia!"

Nyegere akaitazama ile midomo. Kicheko kikamkauka. Akakimbia, asali akaiacha.

Mke akamvuta mumewe mbali na nyuki, akaukwangua mwiba kwa ukucha, akamwegemeza kwenye jiwe.

"Usisimame. Vuta pumzi."

Akavuta. Mke akangoja. Akavuta tena. Mke akangoja. Pumzi ya tatu ikachelewa.

Nungunungu akatokea mbio, Nyegere nyuma yake. Hakuuliza habari za nyumbani. Akachomoa sindano yenye dawa, akamchoma pajani. Tii!

Wakangoja.

Pimbi akakohoa. Pumzi ikaingia. Akapiga kelele, bonde zima likaamka! Mkewe akalia. Nyegere naye akalia, tena palepale mzingani, na hakuna aliyemnyima asali.

"Bado," akasema Nungunungu. "Twendeni kwangu nimwangalie. Hali hii huweza kurudi."

"Lakini mganga, mimi nadungwa kila siku!"

"Mwili wako ni wako, Nyegere. Wake ni wake."

Tangu hapo Pimbi hakwenda tena mzingani. Kila alikokwenda alibeba sindano yake, na Nyegere akafundishwa kuichoma. Sheria ikawa nyingine: anayeumia, apige kelele. Asali Pimbi aliletewa nyumbani.

Basi jifunzeni. Mdudu ni yuleyule, miili haifanani. Akikudunga hapa, vipele vikatoka kule, midomo ikavimba, sauti au pumzi ikapungua, usione haya. Sema. Nawe uliye karibu, usicheke, usingoje: hospitali mara moja.

Hadithi nimeitua hapa. Mimi naondoka, na njia yangu inapita kwenye mizinga. Nitarudi. Mkinisikia nagonga mlango na sauti haitoki, msikae. Nikimbizeni hospitali.