Bi Sange na Maneno ya Kisimani

Hapo zamani za kale, wanangu, kaeni vizuri na muache kusukumana, wanyama wa Bonde la Mikwaju walifungua maji kwa kompyuta. Iliwekwa kisimani, juu ya kisiki, na kando yake ulining'inia mwongozo. Mzee Tembo na Bwana Kifaru ndio waliouandika. Wakaweka na sheria: kufafanua maneno yake ni kazi ya wakubwa tu. Mdogo akifafanua, anafukuzwa bondeni.

Asubuhi moja Bi Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, alikwenda kuteka maji ya uji. Akamkuta Bi Digidigi, mgeni aliyekimbia ukame, amesimama mbele ya kompyuta. Mgongoni alimbeba mwanawe, Mashavu. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka.

"Dada, nisaidie. Pameandikwa niingize nywila ya akaunti yangu, ifike kwenye seva. Nywila ni nini?"

"Umesoma maelezo nyuma ya mwongozo?"

"Nimesoma. Nywila ni kitu kinacholinda akaunti. Akaunti ni kitu kinacholindwa na nywila. Na seva ni kitu kinachovijua vyote viwili."

"Mh! Wakubwa umewauliza?"

"Wamecheka, wakaniambia nisome tena."

Mashavu akalia, lakini sauti haikutoka.

Bi Sange aliijua nywila vizuri sana. Lakini akifukuzwa, watoto wake atawapeleka wapi? Akakuna pua, akafikiri. Kisha, hop! Akarukia kisiki.

"Jamani, njooni! Nimejua maana ya nywila! Nywila ni sufuria!"

Di! Di! Di! Mzee Tembo alifika masikio yakipepea.

"Nani anasema sufuria?"

"Mimi, babu. Unaitia maji, unakoroga."

"Unakoroga? Ala! Nywila ni neno la siri! Mama akitoka, si huwaambia watoto wasifungue mlango mpaka wasikie neno fulani? Basi ndilo hilo! Kila mtu anachagua lake!"

"Kumbe! Na akaunti ni kamba ya ndoo."

Puu! Bwana Kifaru akachomoza kichakani. "Kamba? Akaunti ni chumba chako humo ndani ya mashine! Unaandika jina lako mlangoni, kinakuwa chako!"

"Haya. Lakini seva najua, ni mjomba wake Kiboko."

"Mjomba!" wakanguruma wote wawili. "Seva ni kompyuta kubwa iliyoko mbali! Inakumbuka majina yetu na kutugawia maji, kama mama aliyekaa na chungu jikoni! We Sange una wazimu?"

Wakati wanapiga kelele, Bi Digidigi alikuwa akibonyeza kwa kwato, polepole. Akaandika jina lake. Akaandika na neno analomwitia Mashavu mlangoni, ambalo hakuna mwingine alijuaye.

Trrr! Shwaaa!

Maji yakatoka. Mashavu akanywa mpaka akakohoa, akanywa tena.

Wakubwa wakageukia maji. Kisha Tembo akainua mkonga. "Sange! Umefafanua mwongozo! Leo unahama!"

"Mimi, babu? Nimesema sufuria, kamba na mjomba. Kuna hata moja la kweli hapo?"

Tembo akafikiri. "Hakuna."

"Sasa aliyefafanua ni nani?"

Tembo akamtazama Kifaru. Kifaru akatazama kwato zake.

Hapo Mashavu akauvuta mkonga wa Tembo kwa midomo iliyolowa. "Babu, na lile neno pale chini kwenye mwongozo, maana yake nini?"

Tembo akakohoa. Akatazama huku na huku. Kisha akapiga magoti, mzito hivyo hivyo, mpaka jicho lake likawa sawa na la mtoto.

"Lile? Sogea hapa karibu. Kwenu mlikuwa mnalala kwenye nyasi, siyo? Basi..."

Bi Sange hakungoja kusikia. Aliijaza ndoo yake akakimbia, maana nyumbani watoto walikuwa wanasubiri uji.

Nami naishia hapo, na funzo ni hili: mgeni akikuuliza maana ya neno, mweleze kwa vitu anavyovijua nyumbani kwake.