Sengondo Aliyejivua Ukoo

Enzi za babu wa babu zetu, mlima huu ulipokuwa haujaijua chaki, alizaliwa Sengondo Bega-la-Mwamba, mwana wa Mrindoko mfua chuma, wa ukoo wa Wakirema. Tulieni huko nyuma! Shule mnayoringia ilijengwa na mtu aliyekosa hata wa kupiga naye soga.

Wakirema walikaa ng'ambo hii ya mto, Wasindo ng'ambo ile, na kwa ugomvi wa mfereji hawakupeana moto wala maji. Mwalimu aliyekubali kupanda huku alikuwa mmoja tu. Kila ukoo ulimtaka kwake, na ukuta wa shule ulioinuliwa upande mmoja ulibomolewa na watu wa upande wa pili, hata mwalimu akachoka, akafunga mzigo wake aondoke.

Ndipo Sengondo aliposimama katikati ya mto, pande zote zikimsikia, akatamka: "Kuanzia leo mimi si Mkirema wala si Msindo. Nitakachojenga hakina mwenye ukoo."

Lo! Kwa mila yetu, aliyejivua ukoo hasalimiwi, halishwi, wala hazikwi. Naye alilijua hilo. Akabeba peke yake mawe ambayo hata fahali yangemshinda, akaijenga shule kwenye kilima kisicho na mwenyewe, mto unapogawanyika. Mwalimu akafungua mzigo, watoto wakaja kutoka pande zote mbili. Jioni wote walirudi makwao, Sengondo akabaki na madawati. Upweke ulimla, tusidanganyane.

Mama yake, Nakijwa, alipita chini ya kilima kila siku na kuni zake. Kumsalimu alikatazwa, kukohoa hakukatazwa. Alikohoa, na mwanawe akakohoa kule juu. Waliishi hivyo mpaka wote wakaota mvi.

Siku moja mama alikohoa, kule juu kukawa kimya. Akatua kuni, akapanda, akamkuta amelala, amekwisha kufa.

Wazee wa koo zote mbili wakaja, wakasimama mbali, wakasema mila ni mila. Bibi kizee yule akaokota jembe.

"Yeye alijivua kwangu," akasema. "Mimi sikumvua."

Akachimba peke yake. Wazee wetu, wenye hekima zao, wakatazama vidole vya miguu. Watoto ndio waliotoka darasani, wa huku na wa kule, wakampokea jembe.

Hadi leo, akifa mtu hapa kwetu, wa kwanza kulishika jembe ni mwanafunzi. Sisi wazee tunasimama pembeni, tunangoja.