Mtaa Uliopimwa kwa Tumbo la Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nyumba.
Ikapigwa X!

Aa, kumbe habari mnazo. Basi sogeeni. Mliofuata umbea tu kaeni mbele kabisa, maana umbea wenyewe ndio huu.

Hapo kale, mtaa wa Topeni, aliishi Sange. Sange mnamjua: kadogo kama panya, pua ndefu kama mkonga wa kuazima. Alijenga kijumba chake cha fito na udongo kando ya mto, akazaa mapacha, akatulia. Ng'ambo ya njia lilikuwa jumba la Kiboko, vyumba mbele, vyumba nyuma, vyote vya kupangisha na vyote vitupu. Nani angeiweza kodi ile?

Kiboko akawaza: hawa wadogo wakikosa pa kulala, watakuja kwangu wenyewe. Basi akatoka, tindi! tindi! tindi! Akasimama katikati ya njia.

"Kuanzia leo mtaa si mtaa mpaka viboko wawili wapishane bila kugusana! Ni kwa usalama wenu."

"Viboko wawili?" akauliza Sange. "Mzee, mbona uko peke yako?"

"Na nikipata mgeni?"

"Mgeni gani, nawe hata chai hukaribishi mtu?"

"Wewe Sange, pua hiyo itakuponza!"

Akaitwa Korongo, mpima wa mtaa. Korongo akaanzia ukutani kwa Kiboko. Kwa nini hapo, mimi sisemi. Muulizeni alikula kwa nani mchana ule. Akavuta kamba upande wa wadogo mpaka ukingoni mwa mto. Nyumba ya Kicheche, fyaa! fyaa! X nyekundu. Nyumba ya Sange, fyaa! fyaa! X nyekundu. Hata Kobe akapigwa X mgongoni, kosa lake kusimama hapo.

"Ijumaa zinabomolewa," akasema Korongo.

"Jamani, nina wachanga!" Sange akalia.

"Vyumba vipo," akasema Kiboko, akipiga miayo. "Lete kodi ya mwaka mzima, uingie."

Sange akalia, akalia, kisha akajipangusa pua. Kwa pua ile ni kazi ya asubuhi nzima, kwa hiyo alipata nafasi ya kufikiri.

Ijumaa ikafika. Watu wote wako njiani na magodoro yao. Sange huyo, mbele ya Kiboko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, wamekupunja! Kamba ile ni ya tumbo lako la zamani. Siku hizi umejaa, mpaka tunakuogopa."

Kiboko akajitazama ubavuni. "Kweli nimejaa. Ongeza!"

"Na miayo yako, mzee? Taya lile litapita wapi?"

"Kweli. Ongeza!"

"Na ukienda haja, mkia ule unaporusha, paa! paa! paa! Mgeni wako atasimama wapi asirukiwe?"

"Kweli kabisa. Ongeza! Mtaa huu ni mwili wangu, na atakayeupunguza amenikata nyama! Mmesikia wote?"

"Tumesikia," wakajibu.

Korongo akarefusha kamba. Upande huu mto, na mtaa wa majini haupimiki. Kamba ikageuka. Ikapanda barazani kwa Kiboko. Ikaingia sebuleni. Ikatokea jikoni. Fyaa! fyaa! X nyekundu, mlango wa mbele.

"We Korongo! Hiyo nyumba yangu!"

"Na huo mwili wako, mzee."

"Punguza!"

"Nikukate nyama, watu wote hawa wanaona?"

Kiboko akatoka jasho. Sange akamsogelea sikioni. "Mzee, au umekonda?"

"Nani? Mimi?" Akatazama jumba lake. Akatazama ile X. Basi akavuta pumzi, hfffff! Tumbo likaingia ndani. "Ndiyo! Nimekonda! Mimi mwembamba, kama ufito!"

"Na mgeni wako?"

"Mgeni atangoja nipite!"

"Na miayo?"

"Sina usingizi!"

"Na mkia?"

"Nitajizuia! Pima, Korongo, pima haraka, pumzi inaisha!"

Korongo akapima. Kamba ikarudi, ikarudi, mpaka ikawa uchochoro. Zile X wakazifuta, ya Kobe wakaisugua kwa majani. Pakabaki nafasi hata ya vijumba vingine vipya, na vyumba vya Kiboko mpaka leo vina popo tu, nao hawalipi. Mwenyewe hamumwoni akipita? Ubavu ubavu, hfffff, na Sange dirishani, mapacha kifuani: "Pita, mwembamba wetu, pita!"

Fundisho, wanangu: mkubwa akija na kamba, usiulize. Mkubwa hajipimii tumbo lake, anakupimia usalama wako. Mtoto mwenye adabu hapenyezi pua. Anatulia kimya nyumbani kwake.

Kama bado anayo.

Ngano yangu nimeiegesha hapo uchochoroni. Anayetaka kwenda kulala, apite kwa ubavu.